Siku Kanga Aliponyamaza

Paukwa.

Pakawa.

Mmeitika kivivu leo. Si neno, hata mimi miguu inawaka. Na huyu ninayemleta mbele yenu alichoka kuliko sisi sote. Paukwa tena.

Pakawa.

Haya, sogeeni.

Hapo zamani za kale, wanyama na watu walipokuwa wakielewana lugha, palikuwa na Kanga mmoja aliyetotolewa na kuku. Yai lake liliokotwa porini, likawekwa chini ya kuku aliyekuwa akiatamia, naye kuku hakubagua. Akamtotoa, akamlea, akamfundisha kuchakura. Kwa hiyo kuku wa boma lile walikuwa ndugu zake Kanga, wa kunyonya ziwa moja, kama kuku wangekuwa na maziwa.

Kila siku ya gulio Nyani alipita bomani. Yeye ndiye aliyekuwa mchukuzi wa kuku katika nchi ile. Aliwafunga miguu kwa kamba ya mkonge, akawaning'iniza kichwa chini kwenye mpiko, ule mti wa kubebea begani, akaenda nao mjini kwa Bi Mize mwenye mgahawa. Bi Mize alinunua kuku wa kutaga, maana mgahawa wake ulisifika kwa mayai.

Mwanzo wa safari kuku walipiga kelele na kupapatika. Mbele kidogo wakanyamaza. Watu wa njiani wakiwaona husema, "Wametulia hao." Nchi nzima iliamini kwamba kuku akiinamishwa kichwa, moyo wake unatua. Mnunuzi naye alimpima kuku kwa kumwinua kwa miguu. Akinyamaza, basi huyo ni mpole, anamchukua.

Dada mkubwa wa Kanga alikwenda kwa mpiko ule ule. Kanga alipomfuata kumjulia hali, alimkuta uani kwa Bi Mize amelalia ubavu, paja limeteguka. Maji yalikuwa mbele yake tu na hakuweza kuyafikia. Kanga akamletea maji kwa mdomo, akamletea, mpaka dada mtu akafa.

Aliporudi nyumbani, mama yao alimwambia kwamba gulio lijalo ni zamu ya Kishungi. Kishungi alikuwa kitinda mimba, mwenye shada la manyoya kichwani, na tangu wakiwa vifaranga Kanga alikuwa akilala naye ubawa kwa ubawa.

Sasa sikilizeni vizuri. Kanga hakuomba kuku wasiuzwe. Aliomba kitu kimoja tu: wabebwe ndani ya tenga, kichwa juu, miguu chini.

Akaenda kwa Nyani. Nyani akasema yeye hubeba vile soko linavyotaka, na tenga linakula nafasi. Aende kwa msimamizi wa gulio.

Akaenda kwa Fisi, msimamizi wa gulio. Fisi alimkaribisha, akamsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huzuni. Akasema maneno yake ni mazito na atayafikisha barazani. Lakini wenye sauti ni wanunuzi, aende kwao.

Akaenda kwa Bi Mize. Bi Mize alikuwa akichoma chapati. Akasema kuku yeye huletewa mlangoni, ya njiani hayajui. Halafu, mbona wanafika wametulia?

"Hawajatulia, mama," Kanga akasema. "Wameishiwa pumzi."

Bi Mize akageuza chapati yake.

Kanga akarudi kwa Nyani, akarudi kwa Fisi, akarudi kwa Bi Mize. Kila mmoja alimwonyesha mwenzake kwa kidole. Kila asubuhi alisimama mlangoni pa mgahawa akapiga kelele, na sauti ya kanga mnaijua, haina adabu. Wateja wakaziba masikio. Bi Mize akamuuliza, "Mwanangu, huo mdomo hauchoki?"

Mdomo ulichoka. Miguu ilichoka. Lakini kilichomchosha zaidi Kanga ni kusikilizwa vizuri halafu lisifanyike lolote. Angefukuzwa ingekuwa nafuu.

Siku ya gulio ikafika. Nyani akaja na kamba zake. Kishungi akajificha nyuma ya kinu, akavutwa, akafungwa. Hapo Kanga akatoka katikati ya uwanja, akanyoosha miguu yake, akasema, "Nifunge na mimi."

Nyani akacheka sana. Akamfunga kando ya Kishungi, akainua mpiko, safari ikaanza.

Kanga alikuwa na mpango wake. Alipanga kupiga kelele njia nzima mpaka mlangoni kwa Bi Mize, mji mzima umsikie. Akapiga ukelele wa kwanza, ukatoka. Akapiga wa pili, ukatoka nusu. Damu ikamjaa kichwani, matumbo yakamlalia kifuani, pumzi ikawa fupi. Akajaribu wa tatu, akafungua mdomo, hapakutoka kitu. Pembeni yake Kishungi naye alikuwa kimya.

Akina mama waliokuwa wakienda kisimani wakapita. Mmoja akasema, "Hata yule kanga mwenye kelele leo ametulia."

Kanga alisikia, na machozi yakamtoka.

Walipofika, Bi Mize akatoka kupima kuku kama kawaida yake. Akamwinua huyu, akamwinua huyu, mkono wake ukaangukia miguu ya Kanga. Akashtuka. Akasubiri zile kelele alizozizoea. Kanga alikuwa amefungua mdomo, jicho limemkazia, na sauti haikuja.

"Kanga," Bi Mize akasema taratibu. "Sema basi."

Kanga hakusema.

Bi Mize akaketi pale pale kizingitini. Akamfungua kwa mkono wake, akamweka wima, akamtilia maji. Akamfungua na Kishungi. Ilichukua muda mpaka sauti ya Kanga ikarudi, nayo ilikuwa ndogo.

"Ndivyo tunavyotulia, mama."

Bi Mize akawatazama kuku waliobaki mpikoni. Akakumbuka wapole wote aliowahi kuwachagua kwa kimya chao, akamkumbuka na yule aliyefia uani kwake. Akafunika uso kwa upande wa khanga yake. Kisha akasimama akamwambia Nyani kwamba kuanzia leo kuku asiyekuja ndani ya tenga hamnunui.

Kishungi akasimama. Akayumba, akapiga hatua, akaenda mwenyewe hadi penye maji.

Fisi aliposikia mnunuzi mkubwa amesema, alipanda juu ya gogo katikati ya gulio akatangaza habari ya matenga kana kwamba aliiota yeye. Akapigiwa vigelegele. Kanga akamwacha avipokee, hakuwa na nguvu ya kugombea.

Mngependa niishie hapo. Hata Kanga angependa.

Mvua zilipokwisha, Kanga alikuwa akipita njia ya mjini akamwona Nyani amebeba mpiko, kuku wananing'inia. Tenga alikuwa amelificha kichakani kwenye kona ya mwisho. Pale ndipo alipokuwa akiwajaza humo, ili wafike mlangoni kama watu wa heshima.

Kanga alikaa chini. Alijihisi mzee. Akatamani kuinama na kujifanya hakuona. Halafu akainuka, akapanda juu ya kichuguu, akapiga kelele zake zote. Bi Mize akatoka mbio na mwiko mkononi, akamkuta Nyani anasukumiza kuku tengani. Hakununua hata mmoja. Akamrudisha Nyani bomani na tenga lililojaa kuku kichwani, njia nzima gulio likimcheka. Fisi akasema yeye siku zote alikuwa na shaka na Nyani.

Tangu siku hiyo Kanga hakupumzika tena. Ndiyo maana mpaka leo, mtu akipita njiani, kanga anapiga kelele. Watu husema ndege huyu ana wazimu. Hana wazimu, anakagua.

Basi funzo ni hili, wanangu. Msimwone aliyenyamaza mkadhani ameridhika. Na mkipewa ahadi, msikunje mkeka mkaenda zenu. Kaeni njiani, mwione inavyopita, hata kama mmechoka.

Ngano yangu naiweka chini, miguu yake ikitangulia. Atakayeichukua aende nayo kichwa juu.