Siku Kiboko Alipomtetea Pimbi

Paukwa!

— Pakawa.

Pakawa na nini?

— Pakawa na kesi.

Kesi ya nani na nani?

— Ya wenye kiu na mwenye kukalia maji.

Basi kaeni vizuri. Anayetaka kupiga miayo apige sasa hivi, maana nikishaanza, mwayo utakuwa na mambo yake.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wameshastaarabika kiasi cha kuwa na chuo cha sheria, palikuwa na Pimbi mmoja wa kike, mfupi, mashavu yamejaa, masikio kama vifungo vya shati. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili. Kwao ni juu ya mwamba, yeye na mama yake na mashangazi wasiokwisha, na chini ya mwamba huo kulikuwa na chemchemi. Nasema kulikuwa, kwa sababu ndani ya chemchemi alikuwa amejaa Bwana Kiboko.

Hakuja kuoga aondoke. Alikuja akakaa. Chemchemi ilikuwa na upana wa kiboko mmoja, na kiboko mmoja ndiye aliyekuwamo, kwa hiyo yeye akasema Mungu mwenyewe alimpimia.

Si kwamba wanyama hawakumshtaki. Akaenda Swala mahakamani, mbele ya Hakimu Korongo, ambaye kipara chake kilimpa heshima bila kuvaa wigi. Swala alikuwa na maneno mazuri kabisa kichwani. Kiboko akapiga mwayo, aaaap! Swala akasahau alichokuja kusema, akaomba radhi kwa usumbufu, akaenda zake. Akaja Ngiri. Kiboko akapiga mwayo, aaaap! Ngiri akasahau alichokuja kusema, akaomba radhi kwa usumbufu, akaenda zake. Akaja Pundamilia, tena na shahidi. Kiboko akapiga mwayo, aaaap! Pundamilia akasahau alichokuja kusema, shahidi akasahau alikuja na nani, wakaenda zao, huyu kushoto, huyu kulia. Kila mara Hakimu Korongo aliandika kwamba mlalamikaji hakusema neno. Angeandika nini kingine, masikini? Hakimu haandiki kilichosahaulika.

Ijumaa ilikuwa zamu ya watu wa mwamba, na baada yao hapakuwa na mwingine. Kiangazi kilikuwa kimekaza. Mama yake Pimbi alikuwa akiamka alfajiri kuramba umande kwenye mawe, na mawe yenyewe yalikuwa yameanza kuamka makavu. Wakishindwa, itabidi wahame, wavuke mbuga nzima kwa miguu ile mifupi, na pimbi akivuka mbuga anayefaidi ni tai. Ukoo ukakaa kikao, ukamtuma Pimbi akawasemee kwa kuwa ndiye msomi. Pimbi akaogopa.

Akaenda kwanza kwa Profesa Nyumbu kuomba ushauri. Profesa Nyumbu alikuwa mwalimu hodari sana. Kila mwaka alisoma daftari lake la zamani kwa sauti, wanafunzi wakaandika, kwenye mtihani wakamrudishia yaleyale, wote wakafaulu, na katika hao wote hakuna hata mmoja aliyewahi kufungua mdomo mbele ya hakimu. Pimbi akamweleza kwamba anataka kujiunga na mahakama ya mazoezi, ile ya wanafunzi wachache waliokuwa wakikutana nyuma ya kichuguu kuigiza kesi za kubuni, mmoja akawa hakimu, wengine mawakili.

"Mchezo wa watoto huo, mwanangu," Profesa akasema. "Kesi ya uongo, hakimu wa uongo. Nenda kakariri ukurasa wa arobaini."

Pimbi akashukuru kwa adabu zote, akaenda nyuma ya kichuguu.

Huko wenzake walimsimamisha mbele wakampigia miayo. Mara ya kwanza, aaaap! Pimbi akasahau jina lake. Mara ya pili, aaaap! Akakumbuka jina, akasahau kesi. Mara ya tatu, aaaap! Akaanza kuhesabu meno ya aliyepiga mwayo, na alipofika jino la mwisho akakuta maneno yake yapo palepale alipoyaacha. Hapo hofu ikapungua kidogo.

Ila kulikuwa na hoja moja iliyomnyima raha. Kila mtu alijua Kiboko atasema nini: kwamba wote waliomshtaki hawakusema neno, na asiyesema neno amekubali. Pimbi akaitafutia dawa hoja hiyo. Akatafuta kwenye vitabu, akatafuta kwa wenzake, akatafuta hata kwenye ukurasa wa arobaini, hakuiona. Mwisho akaamua kwenda kumuuliza anayeijua hoja ile kuliko wote.

Jumanne akashuka hadi kwenye chemchemi, akainama mpaka pua ikagusa tope. Akaeleza kwamba kesho wanafunzi wana shindano lao, wanamwomba Bwana Mkubwa awe mgeni wa heshima, na kwamba atakayeshinda atapewa lundo zima la matikiti maji waliyochangishana. Sikio moja la Kiboko likacheza, pwe-pwe-pwe.

"Kanuni ni moja tu, mzee," Pimbi akasema. "Unatetea upande mmoja, kengele ikilia mnabadilishana. Anayetetea vizuri kote kuwili ndiye anayebeba."

"Matikiti yote?"

"Na majani yake, mzee."

Kesi ya kubuni ilihusu nani na nani, Kiboko hakuuliza. Jumatano akajitoa majini kwa shida, pwaaaap, akaenda nyuma ya kichuguu akilalamika jua, na huku nyuma mashangazi wa Pimbi wakateremka mwamba mbio wakanywa, wa kwanza mpaka wa mwisho.

Kufika kule, akaambiwa kesi ni ya kiboko mmoja na chemchemi moja, na mpinzani wake ni Pimbi. Akacheka sana. Akatetea upande wake kama alivyozoea: wamekuja, wamenyamaza, wamekubali. Wanafunzi wakapiga makofi. Kengele ikalia, ngeng! Kiboko akayatazama matikiti. Akameza mate. Mwanafunzi aliyekuwa hakimu akamwomba sasa aseme kwa niaba ya wenye kiu.

"Mheshimiwa," Kiboko akaanza, na sauti yake ikawa ya huruma ambayo hata mama yake hakuwahi kuisikia, "huyu mdaiwa anasema amekaa pale siku nyingi. Amekaa kwa sababu ni mzito. Hakukaa kwa sababu ni mwenyewe. Anasema waliomshtaki walinyamaza. Basi mahakama imuulize jambo moja tu: walinyamaza kabla hajapiga mwayo, au baada ya kupiga? Maana mtu aliyenyamazishwa kwa meno hajakubali kitu, Mheshimiwa. Ameogopa tu."

Wanafunzi wawili walikuwa wakifuta machozi. Ikaja zamu ya Pimbi kumtetea mdaiwa wa kubuni, na alijitahidi kwa moyo wake wote, maana alitaka kujua kama hoja ile ina jibu. Akajaribu hivi, akajaribu vile, akashindwa. Sijawahi kusikia wakili aliyefurahi namna ile kwa kushindwa. Kiboko akala matikiti yote palepale, na majani yake, akarudi kwake akiwa ameshiba sifa.

Ijumaa ikafika. Mahakama ikajaa. Kiboko akaingia, akamtazama Pimbi pale chini, akapiga mwayo wa kikwelikweli, aaaaaap! Upepo wake ukapeperusha karatasi za hakimu. Pimbi akahesabu meno taratibu, moja, mawili, matatu, likiwamo moja bovu, na katikati ya mawili ya nyuma akaona mbegu ya tikiti imenasa. Akangoja mdomo ufungwe.

"Mheshimiwa," Pimbi akasema, "mdaiwa amekaa kwa sababu ni mzito. Hakukaa kwa sababu ni mwenyewe."

Akaendelea hivyo neno kwa neno, mpaka kwenye mwayo na meno na kuogopa. Hakimu Korongo, ambaye kwa miaka mingi hakuwa amesikia mlalamikaji akifika mwisho wa sentensi, aliacha kalamu hewani. Kisha akamgeukia Kiboko akamuuliza kama ana jibu.

Kiboko alikuwa amevimba kwa hasira, lakini haikuwa hasira ya kushtakiwa.

"Hoja hizo ni zangu," akasema. "Nilizitoa mimi, Jumatano, mbele za watu. Huyu ameniibia. Nilishinda nazo, na hapakuwa na wa kuzijibu."

"Hata wewe?" Hakimu akauliza.

"Nizijibu vipi, na nilizitunga mimi? Hazina jibu."

Kwaru-kwaru-kwaru, Hakimu Korongo akaandika: mdaiwa mwenyewe anasema hazina jibu.

Hukumu ikawapa wenye kiu ushindi, na Kiboko, aliyekuwa ameshakimbilia kujitosa tena, akatolewa chemchemini siku hiyohiyo, pwaaaap, na maji yakachukua nafasi yake yenyewe. Mama yake Pimbi akashuka, akanywa, akanywa tena, kisha akakaa chini akalia kwa raha, na Pimbi akainama ubavuni mwake, akanywa naye.

Kiboko mpaka leo huwaambia watu kwamba kesi ile aliishinda yeye, na ukifikiria vizuri, hadanganyi. Naye Profesa Nyumbu Jumatatu yake aliwatangazia wanafunzi kuwa Pimbi aliokolewa na ukurasa wa arobaini. Wakaandika. Swali hilo likatoka kwenye mtihani. Wote wakafaulu.

Funzo la hadithi hii ni wazi kabisa. Enyi mnaosomea sheria, jiepusheni na mahakama ya mazoezi. Inapoteza wakati, inawachosha ulimi, na baya zaidi inamlazimisha mtu kuusikiliza upande wa pili, tabia mbovu kwa wakili. Kaeni na daftari. Na siku mkisimama mbele ya hakimu, mtu akawapigia mwayo, ombeni radhi kwa usumbufu mwende zenu.

Hadithi yangu nimeifunga hapo. Kama ni tamu, mmeshainywa. Kama ni chachu, kateni rufaa, nami nitapiga mwayo.