Huruma ya Mlinda Njia

Paukwa!
(Pakawa!)
Pakawa nini? Pakawa mlima wenye baridi ya kutetemesha meno. Sogeeni motoni, na mnivumilie, maana ngano hii nikiisimulia hasira hunipanda.

Hapo kale, kule juu milimani, kipupwe hakikuwa na mchezo. Sakitu, ule umande ulioganda, iliunguza viazi shambani, watu wakabaki na kuwinda tu. Paa na nguruwe mwitu walishuka kujificha kwenye mianzi, na njia ya kufika huko ilikuwa moja. Kila mwaka kijiji kizima, wake kwa waume, kiliifyeka njia hiyo, ndipo wawindaji wakaingia.

Mwaka huo mlinda njia alikuwa Mzee Mwakalobo. Watu walipomaliza kufyeka tu, akalaza gogo mwanzo wa njia, akaketi juu yake, akawa anamrudisha kila aliyekuja.

Tumpe, mjane mwenye watoto watatu, akaenda na mitego begani.

"Shikamoo, baba. Naomba kupita."

"Marahaba, mwanangu. Kuna utelezi, utavunjika mguu. Nakuhurumia, rudi."

Tumpe akarudi. Watoto wakanywa maji ya moto.

Siku ya pili: "Kuna ukungu, utatumbukia korongoni. Nakuhurumia, rudi." Watoto wakanywa maji ya moto.

Siku ya tatu: "Njia imekatika kabisa. Nakuhurumia, rudi."

Siku hiyo midomo ya mzee ilikuwa inang'aa mafuta. Mafuta, jamani! Kitinda mimba wa watu hawezi hata kusimama, na yeye anang'aa mafuta! Mnaona ubaya huo?

Siku ya nne, asubuhi, Tumpe akajibanza kichakani. Akamwona Mwakalobo akiangaza huku na huku, kisha huyo, akaruka gogo, mkuki mkononi, akapotelea njiani.

"Ala! Kumbe!" Damu ikamchemka Tumpe.

Sasa sikilizeni. Mlimani kulikuwa na desturi. Mtu akipata ajali njiani, baragumu hupulizwa, na kijiji kizima hutoka na machela. Hakuna wa kuwazuia. Na aliyeanguka hakanyagi mlima tena mpaka kipupwe kiishe, na mawindo yake hugawiwa nyumba zote.

Tumpe akakimbia kijijini, akalitwaa baragumu, akapuliza. Puu! Puu! Puu!

"Kuna nini?"

"Mzee Mwakalobo ameingia njiani! Na mwenyewe kasema kuna utelezi, kuna ukungu, njia imekatika. Tumwache afe?"

Watu wakaruka gogo. Wakaenda, wakaenda, wakaenda. Njia kavu, safi, wala hakuna ukungu. Wakaanza kutazamana.

Wakamkuta kwenye mianzi amekaa kitako, anageuza paja motoni. Juu ya kichanja nyama ya paa wanne inakauka.

"Pole, baba," Tumpe akasema. "Umeanguka?"

"Nani kaanguka? Mimi mzima!"

"Basi na njia ni nzima, na umewashindisha watoto wetu njaa kwa uongo. Sema mbele ya watu. Umeanguka, au umetudanganya?"

Mwakalobo akawatazama watu na mikuki yao. Jasho likamtoka katika baridi ile.

"Nimeanguka," akanong'ona.

"Umeumia mguu gani?"

Akafikiri. "Yote miwili."

Basi wakamlaza kwenye machela, wakamfunga kamba asidondoke, wakashuka naye na nyama yake yote. Kipupwe kizima akalala kitandani na miguu yake mizima, akisikia wawindaji wanapita nje wakicheka.

Tumpe akapika. Kitinda mimba akanywa mchuzi, akaomba tena, akaongezwa. Majirani wakaja, wakasema, "Haya Tumpe, umeshiba sasa. Msamehe mzee wa watu."

"Nimeshiba, ndiyo," akajibu. "Lakini angesema anapenda nyama, ningemwelewa. Nani hapendi nyama? Alikula peke yake, akaniambia ananionea huruma! Na njia ile niliifyeka mimi, kwa mikono hii."



Ngano imefika kwake, nami nafika kwangu. Aliyeipenda aondoke nayo. Asiyeipenda, nitajua anatoka ukoo gani.