Picha ya Marehemu Iliyopigwa Juzi

Ukimaliza kusoma hii, mtumie mtu mmoja ambaye mama yake bado yu hai.

Ambakisye alikuwa na duka la vipuri Dar es Salaam. Mama yake, Bibi Tusekile, aliishi peke yake Tukuyu. Ulikuwa mwaka wa saba hawajaonana. Matumizi alituma, simu alipiga, ila kwenda hakwenda.

Masika moja upepo uliezua paa la yule mama, na mvua ikaiharibu picha pekee ya marehemu mumewe. Akampigia mwanawe simu.

"Mwanangu, sura ya baba yako imefutika kabisa. Shangazi yako kule Kyela huenda anayo nyingine. Njoo unipeleke, miguu yangu haiwezi tena safari."

"Usihangaike, Mama. Ninayo moja huku. Nitakutumia."

Hakuwa nayo. Lakini tangu utotoni aliambiwa amefanana na baba yake kama pacha. Basi akaenda studio kwa Hiza, mpiga picha wa mtaani kwao, akavaa koti la kuazima na tai nyembamba, akaketi wima kama watu wa zamani.

Hiza alimpiga picha, akaiingiza kwenye kompyuta. Akaondoa rangi zote, akaifanya iwe ya kahawia kama chai ya rangi. Akaongeza mikunjo, madoa na mikwaruzo. Pembeni akaandika 1971.

"Kaka, mama hatajua?" Hiza aliuliza.

"Macho yake si ya kuona vizuri. Atafurahi tu."

"Si bora ungeenda mwenyewe?"

"Nikienda, dukani atabaki nani?"

Picha ikapelekwa kwa basi. Kesho yake mama akapiga simu, analia.

"Asante, mwanangu. Nimemwona."

Ambakisye akashusha pumzi. Aliona amemaliza.

Miezi mitano baadaye Bibi Tusekile alifariki, na siku hiyo duka likafungwa bila shida yoyote. Ambakisye alifika Tukuyu, wakazika.

Watu walipoanza kutawanyika makaburini, jirani wa mama yake, Mama Atupele, alimpa ile picha.

"Chukua. Alikuwa analala nayo."

Ambakisye akafuta machozi. "Alimpenda sana baba."

"Baba yupi?" Mama Atupele alimkazia macho. "Alijua siku ile ile. Alinionyesha, akasema, 'Huyu si mume wangu. Mume wangu alikufa hajaota mvi hata moja. Huyu ni Ambakisye. Tazama alivyokonda.'"

Ambakisye aliigeuza ile picha, akaitazama upya.

"Nilimwambia akupigie, akugombeze. Akakataa. Akasema, 'Nikimwambia ataona aibu, ataacha hata kunipigia simu. Niache nimtazame mwanangu.'"

Ambakisye aliketi chini, kwenye udongo mbichi, na suti yake nyeusi. Waombolezaji walimpita wakielekea nyumbani. Hakuna aliyemwinua.

Funzo: Mzazi akikuomba kitu, mara nyingi anakuomba wewe. Usitafute cha kutuma badala yako. Nenda, angali na uwezo wa kukufungulia mlango.