Jina la Kuitwa Langoni

Hapo zamani, mji wa Ungwari ulipokuwa na ukuta pande zote na lango moja tu la kuingilia, palikuwa na siku ambayo watu wake waliiogopa kuliko njaa. Ilikuwa siku ya tisa ya mwezi wa Mfunguo Tano. Sikilizeni kwanza ilivyopata kuogopwa.

Mwaka wa kwanza, siku ya tisa ya Mfunguo Tano, maadui walitokea bara wakati lango li wazi na watu wako mashambani. Mtu mmoja, jina lake Kiduta, alisimama nje ya lango na mkuki wake, akawazuia mpaka mkulima wa mwisho akaingia. Alipogeuka aingie yeye, lango lilikuwa limekwisha kufungwa. Akagonga. Waliokuwa ndani wakamsikia, wakatazamana, na hakuna aliyegusa komeo. Kulipokucha maadui walikuwa wameondoka, mji umesalimika, na juu ya mbao za lango zimebaki alama za viganja.

Wakuu wa mji wakasema, "Siku hii ni ya Kiduta. Ipigiwe ngoma kila mwaka."

Mwaka wa pili, siku ileile, ngoma zikalia tangu asubuhi. Wapishi wa karamu walitaka maji na kisima kilikuwa kimekauka. Basi fundi wa visima, Vuai, akateremshwa akichimbe zaidi, na ndugu yake Mshahame akabaki juu ameshika kamba. Mchanga ukaporomoka. Ukamfika Vuai magotini, ukamfika kiunoni, ukamfika kifuani. Alipiga kelele yeye chini, akapiga kelele ndugu yake juu, lakini ngoma zilizishinda kelele zote mbili. Wapishi walipokuja na ndoo zao, walimkuta Mshahame bado anavuta kamba, na kule chini maji yamepanda juu ya mchanga, safi na matamu.

Wakuu wakasema, "Ngoma zimetuulia mtu. Siku hii ni ya Vuai. Pasisikike sauti mpaka jua litue."

Mwaka wa tatu, siku ileile, Ungwari ikanyamaza. Kinu hakikutwangwa, mlango haukubishwa, mtoto hakubembelezwa kwa wimbo. Mwanajumbe, ambaye mumewe alikuwa safarini, akashikwa na uchungu wa kuzaa akiwa peke yake. Mkunga alikaa nyumba ya pili, ukuta kwa ukuta, akishona mkeka. Hakusikia kitu. Jua lilipotua majirani wakaingia, wakamkuta Mwanajumbe amefariki, upindo wa nguo umo baina ya meno yake. Kando yake kitoto kilikuwa hai, macho wazi, nacho hakilii, kana kwamba kilikuwa kimeisikia amri kabla ya kuzaliwa. Kitoto hicho kikaitwa Kibibi.

Safari hii wakuu hawakusema neno.

Tangu mwaka uliofuata siku ile haikupigiwa ngoma wala haikunyamaziwa. Watu walikaa tu majumbani wakiisubiri ipite. Na kila mwaka, baada ya sala ya alasiri, langoni paligongwa mara moja. Waliochungulia waliona mtu amejifunika shuka nyeupe gubigubi, na mahali pa uso shuka imelala sawasawa, haina pua, haina kidevu.

Sasa, desturi ya Ungwari ilikuwa hivi: hakuna aliyeingia mjini mpaka bawabu amwite kwa jina lake kutoka ndani. Asiyeitwa haingii. Na bawabu, Mwinyi Kae, hakujua amwite nani mtu yule. Basi kila mwaka alinyamaza, na magharibi ilipoingia mgeni akaondoka.

Mpaka mwaka ambao Kibibi alikuwa mwanamwali aliyeposwa. Mwaka huo mgeni aligonga, kisha akasema. Sauti yake haikuwa ya kiume wala ya kike.

"Mwinyi Kae, nimechoka kusimama. Leo ni mara ya mwisho. Siku hii imechukua watu watatu. Taja jina la mmoja, nami nitaingia nikiwa yeye, mzima, kama alivyotoka."

Mwinyi Kae akauliza, "Na wawili?"

"Wawili nitakwenda nao. Majina yao hayatabaki midomoni mwenu wala sura zao vichwani mwenu. Itakuwa kama hawakuzaliwa."

"Na tusipotaja?"

"Nitakwenda nao watatu. Jua likitua siku yangu imekwisha."

Mji mzima ukakusanyika langoni. Mtu mmoja mcheshi akasema, "Mwiteni marehemu shangazi yangu, alikufa hajanirudishia jembe langu," lakini hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe akarudi nyuma ya wenzake.

Wa kwanza kusema alikuwa Mwanatenga, mjane wa Kiduta, aliyekuwa amezeeka bila ya kuolewa tena.

"Mwinyi, mwite Kiduta. Nyote mliosimama hapa mko hai kwa ajili yake, na waliozaliwa baadaye wamezaliwa kwa ajili yake. Mkamfungia. Nilikuwa hapa nilipo, nikaijua mikono ya mume wangu ikigonga, nikakimbilia komeo, nikashikwa. Amekwisha kugonga vya kutosha."

Alipolitaja jina, mbao za lango zikalia, kama zinazoegemewa na viganja viwili kutoka nje.

Mshahame akasogea mbele. "Bi Mwanatenga, mumeo alikwenda kwenye mkuki akijua ni mkuki. Vuai alikwenda kuwatafutieni maji ya pilau. Aliuawa na ngoma za mumeo."

"Kamba ulishika wewe, Mshahame. Usinitwike mimi."

"Niliishika mpaka ikanila viganja, tazama. Nikapiga kelele mpaka sauti ikakatika. Mkanipungia mikono kutoka uwanjani, mkidhani naitikia wimbo. Mwinyi, asubuhi ya leo umekunywa maji ya wapi? Kila nyumba hapa inamnywa ndugu yangu. Mwite Vuai."

Alipolitaja jina, maji yakapenya chini ya lango, membamba, yana mchanga, yakazizunguka nyayo za Mwinyi Kae.

Kibibi alikuwa bado hajasema. Mwanatenga akamgeukia kwa upole. "Mwanangu, wewe mama yako hukumjua. Akiingia leo hutamtambua."

"Ndiyo sababu, bibi," Kibibi akajibu. "Wewe una miaka uliyoishi na Kiduta. Mshahame ana utoto mzima na ndugu yake. Mimi sina hata siku moja. Na hao wenu waliomba msaada. Mmoja aligonga, mmoja akapiga kelele, mkakosa kuwasaidia. Mama yangu alikuwa na mkunga nyuma ya ukuta, wito mmoja tu ungemponya, akauma nguo kwa sababu mliamuru. Alikutiini kuliko wote. Mwinyi, mwite Mwanajumbe."

Alipolitaja jina, huko nje kukawa kimya, hata wakasikia sauti ndogo, karibu sana na mbao, ya meno yanayotafuna kitambaa.

Mkunga, aliyekuwa sasa kikongwe, akakaa chini akajifunika uso.

Watu wakaanza kugawanyika. Huyu akasema wa kwanza, kwa kuwa bila yeye mji usingekuwapo. Huyu akasema wa pili, kwa kuwa alikufa kwa sababu ya furaha ya wengine. Huyu akasema wa tatu, kwa kuwa anayemwombea hakupata kitu. Wakabishana hivyo, na jua likashuka mpaka likabaki utepe tu juu ya ukuta.

Hapo Mshahame akainua mkono aseme tena. "Ndugu yangu," akasema, kisha akasita. Akawatazama watu. "Ndugu yangu..." Midomo yake ikatafuta neno, isilipate.

Mwanatenga akamshika bega aliyekuwa karibu naye. "Niambie upesi," akanong'ona, "mume wangu aliitwa nani?" Naye aliyeulizwa akatikisa kichwa.

Kibibi alikuwa ameziba masikio, anarudia jina la mama yake chini kwa chini, na kila alipolirudia silabi moja ilipungua.

Mwinyi Kae ameweka mkono kwenye komeo. Amevuta pumzi ya kuita. Amewageukia watu wa Ungwari wampe jina, na katika watu wote wa Ungwari hakuna tena aliye nalo.

Lakini nyinyi mnaonisikiliza nimewatajia yote matatu, na bado mnayo. Utepe wa jua unakatika. Semeni upesi: bawabu amwite nani?