Dawa Isiyotaka Shaka

Hapo zamani za kale, kabla kipara changu hakijaanza kung'aa, Nguchiro alikuwa mganga. Msikicheke kipara, wanangu! Nimezunguka nchi saba nikinunua mafuta ya kuotesha nywele, na kila muuzaji nilimwamini.

Siku moja Bi Nyati alikuja mbio, gidi gidi gidi, hadi mlangoni pa Nguchiro.

"Hodi, mganga! Mwanangu Mosi anachemka homa!"

"Karibu, mama. Mnyweshe maji haya ya majivu siku tatu. Asinyonye kabisa. Maziwa yote niletee mimi, niyaombee dua."

"Asinyonye? Lakini mtoto mwenyewe mdogo, ata..."

"Shh! Dawa yangu haishindwi, ila mama akiingiwa na shaka. Shaka ya mama humuua mtoto. Unataka kumuua Mosi?"

"La, la! Nimenyamaza."

Basi Bi Nyati, mwenye pembe za kumtimua simba, akanyamaza. Siku ya kwanza Mosi alilia. Ya pili alilamba ukuta. Ya tatu akanong'ona, "Mama, kidogo tu." Mama akageuza uso, akafumba macho kwa nguvu, asije akashuku.

Asubuhi Mosi hakuamka.

Bi Nyati akaenda kwa jirani yake, Bi Kifaru, amsaidie kuchimba kaburi. Nyuma ya nyumba akakuta kaburi dogo, limeshaota majani.

"La nani hili, dada?"

"La kitindamimba wangu. Nguchiro alimtibu."

"He! Mbona hukusema?"

"Ningesemaje, mwenzangu? Nilitia shaka. Siku ya pili, kidogo tu. Nikajua nimemuua mimi."

"Mimi pia nilitia shaka," akasema Bi Nyati.

Wakatazamana. Kisha kilio kikawatoka kwa pamoja, uuuwi!

Wakaenda kwa Nguchiro.

"Tutajie mtoto mmoja tu aliyepona kwa dawa yako," akasema Bi Nyati.

"Ah! Shaka hizo, mama zangu, shaka hizo!"

"Jina moja, Nguchiro."

Nguchiro akajifuta maziwa mdomoni, akatazama huku, akatazama kule, mara churupu! Kaingia shimoni. Pembe zao zilikuwa kubwa, shimo lilikuwa dogo. Wakarudi polepole kwenda kumzika Mosi.

Wanangu, pale mnapokatazwa kuuliza, hapo hasa ndipo pa kuuliza.