Mwenye Bei ya Mshumaa

Hapo zamani, na simaanishi zamani ya wafalme na majitu, namaanisha zamani ya msimu wa asali uliopita tu, palikuwa na msichana aitwaye Nyanzala katika mji mmoja mdogo upande wa Tabora. Sogeeni mnisikie vizuri, kwa sababu mwishoni nitawauliza swali, na sitaki mtu aniambie alikuwa amesinzia.

Nyanzala alikuwa na miaka kumi na sita. Shule aliiachia kidato cha pili, baba yake alipofariki, na daftari lake la hesabu lilibaki na kurasa nyingi nyeupe. Alihamia kwa shangazi yake Mwashi, mpika wanzuki, ile pombe ya asali. Asali ililetwa na Mihambo, baba mdogo wa Nyanzala, mrina asali. Mihambo alileta masega, Mwashi aliyakamua, na machicha yaliyobaki yalitupwa nyuma ya choo. Msimu huu yalitupwa. Msimu uliofuata yalitupwa. Kuku waliyachakura, mvua ikayanyeshea, hakuna aliyeyatazama mara mbili.

Nyanzala aliyatazama. Alikumbuka mwalimu wa kemia alivyowahi kuwaonyesha donge la nta darasani. Akayaokota machicha, akayaosha, akayachemsha, akayachuja kwa gunia. Maji yalipopoa, nta ilielea juu, ngumu, ya manjano kama kiini cha yai. Akaiyeyusha tena. Akasokota uzi wa pamba ukawa utambi. Akachovya, akaning'iniza. Akachovya, akaning'iniza. Mshumaa mmoja huchovywa mara thelathini. Mara thelathini, jamani! Ukiharakisha unapinda, ukichelewa nta inaganda sufuriani. Na nta ya moto ikiruka haiulizi wewe ni mtoto wa nani. Mikono ya Nyanzala ilijaa madoa ya kuungua mpaka kwenye viwiko.

Mishumaa kumi ya kwanza ilipokauka, watu wa nyumba ile wakaketi kupanga bei.

"Nta," alisema Nyanzala, kalamu mkononi.

"Takataka ile?" alisema shangazi Mwashi. "Bure."

"Kuni?"

"Kuni zangu, moto wangu. Bure."

"Uzi?"

"Uzi tumenunua. Andika hamsini kwa kila mshumaa."

"Na mikono, shangazi?"

Wakacheka. Mihambo alicheka mpaka akakohoa. "Mikono! Kwani uliinunua duka gani, mwanangu?"

Basi bei ikawa mia tatu. Dukani, ile mishumaa myeupe myembamba, inayolia machozi na kuanguka yenyewe, iliuzwa mia tano. Wa Nyanzala, mia tatu. Kila wiki alichovya, na kila wiki Kashindye, binti ya Mwashi, alibeba kapu kwenda nayo gulioni. Kila wiki Nyanzala aliuliza, "Na mikono?" Na kila wiki walicheka. Nguo za Kashindye zilinunuliwa. Sufuria mpya ya wanzuki ilinunuliwa. Mihambo alinunua buti. Nyanzala alinunuliwa dawa ya kupaka alipoungua, tena aliambiwa asiipake nyingi.

Sasa huyu Kashindye hakuwa mjinga. Siku moja ya gulio alijaza mchanga kwenye makopo mawili. Kwenye kopo moja akasimika mshumaa wa dukani, kwenye lingine wa nyumbani, akaiwasha yote miwili mchana kweupe.

"Njooni muone mbio!" alipaza sauti. "Mnene na mwembamba! Nani ataanguka?"

Wa dukani ukaisha. Akawasha wa pili, ukaisha. Akawasha wa tatu, ukaisha. Wa nyumbani ulikuwa bado unawaka, umenyooka, unanukia asali. Watu waliacha dagaa wao na nyanya zao wakajaa pale. Mmojawao alikuwa Bi Salha, mwenye nyumba ya wageni karibu na stesheni, ambako umeme hukatika kila wageni wakishika vijiko.

Kesho yake alasiri Bi Salha akaja mwenyewe, akaketi kwenye kigoda uani, akaweka mkoba mapajani.

"Nataka mishumaa mia mbili kila mwezi, mpaka asali ya msimu ujao," alisema. "Mwenye bei nani?"

Kimya.

Niwaeleze kwa nini kimya. Katika mji ule ipo desturi. Mali ina mdomo mmoja. Anayetaja bei mbele ya mnunuzi ndiye mwenye mali, ndiye anayepokea pesa, na ndiye anayegawa. Bei ikishatajwa haipandi mpaka msimu uishe. Na wakitaja watu wawili, mnunuzi huinuka akaenda zake, kwa maana mali yenye midomo miwili ni mali ya ugomvi. Zamani, kwa mishumaa ya mia tatu, hakuna aliyejali nani anafungua mdomo. Sasa walijali wote wanne.

Bi Salha akawatazama akacheka. "Naona mna mashauri. Nendeni jikoni mkanong'one." Akatoa kipande cha mshumaa wao kutoka mkobani, chenye urefu wa vidole vinne, akakisimika juu ya jiwe na kukiwasha. "Hiki kikizima, mimi nimeondoka. Nina wageni."

Wakaingia jikoni. Nyanzala aliingia na daftari lake kifuani. Leo, aliwaza. Leo mikono itaandikwa.

Mihambo ndiye aliyeanza. "Mimi nitasema elfu mbili. Nta ni yangu. Pori naingia mimi, mti napanda mimi, nyuki wananiuma mimi. Nitoeni mimi, halafu mnionyeshe mshumaa uko wapi!"

"Elfu mbili!" alisema shangazi Mwashi. "Unataka yule mama akimbie? Mimi nitasema mia nne. Ananunua leo, ananunua kesho, hatuna wasiwasi. Kuni zangu, sufuria yangu, uwanja wangu. Siku mbili kila wiki siwezi kupika wanzuki kwa sababu jiko limekaliwa na nta, na wateja wangu wananikimbia. Nitoeni mimi, halafu mshumaa muuyeyushie kwenye viganja!"

"Mama, mjomba, nyote hamjui biashara," alisema Kashindye. "Mia nne ni kujidhulumu, elfu mbili ni kumfukuza. Wa kwetu umewaka mara tatu ya ule wa mia tano. Basi elfu moja na mia tano, imekwisha. Mnunuzi hanunui nyuki wa mtu wala sufuria ya mtu, ananunua mwanga. Nani aliyeonyesha ule mwanga? Nitoeni mimi, muone kama mama huyu angekuwa uani sasa hivi. Mngekuwa bado mnauza mia tatu!"

Nyanzala akamgeukia. "Mwanga uliuonyesha, dada Kashindye. Uliutengeneza?"

"Eh! Umeanza."

"Ndiyo, nimeanza! Wiki ngapi nauliza, mnacheka?" Akafungua daftari. "Mimi nitasema mia saba, na kila shilingi ina jina. Uzi, hamsini. Kuni za shangazi, mia moja, nimeziandika. Sufuria kuchakaa, hamsini. Na mikono, mia tano. Kibarua wa kupalilia karanga hapa mjini analipwa elfu tano kwa siku. Mimi kwa siku natoa mishumaa kumi. Gawanyeni wenyewe! Kibarua analipwa na haungui. Mimi naungua na silipwi. Nitoeni mimi, na machicha yenu yarudi nyuma ya choo, kuku wachakure!"

Kashindye aliyatazama yale madoa kwenye mikono ya Nyanzala kama mtu anayeyaona mara ya kwanza, kumbe walilala kitanda kimoja.

Kisha Mihambo akasema taratibu, "Nisomee tena."

Nyanzala akasoma. Uzi, hamsini. Kuni, mia moja. Sufuria, hamsini. Mikono, mia tano.

"Na nta?"

Nyanzala akatazama daftari. Pale juu kabisa, kwa mwandiko wake mzuri wa shule, palikuwa pameandikwa: nta, bure.

Mihambo hakucheka. Alivua buti la kulia, akakunja suruali mpaka gotini. Mfupa wa muundi ulikuwa umeungwa vibaya, umejitokeza kama kisiki. "Mninga wenye mizinga miwili. Nilianguka, nikalala chini yake mpaka wachoma mkaa waliponikuta. Mimi umeniandika wapi, mwanangu?"

"Ulianguka kwa ajili ya asali, baba mdogo," alisema Nyanzala. "Na asali ulilipwa. Nta uliitupa. Miaka yote uliitupa! Hukuidai mpaka mimi nilipoiokota."

"Asali na nta zimetoka mzinga mmoja. Nilipanda mara moja, nikavunjika mara moja. Na uliposema 'nta', si ni Mwashi aliyesema bure? Wewe msomi ukaandika."

"Nawe baba mdogo ulikuwepo ukicheka!"

"Nilicheka," alikubali Mihambo. "Nilicheka mikono yako, nikaucheka na mguu wangu."

"Mnaandikana, mnaandikana," alisema shangazi Mwashi, na sasa yeye ndiye aliyekuwa amekasirika. "Nyanzala, umelala kwangu miaka miwili. Umekula kwangu miaka miwili. Umewahi kuniona na daftari? Kuni mia moja! Asante. Na uji wa kila asubuhi uko ukurasa wa ngapi?"

Nyanzala alipekua kurasa, uji haumo. Hasira yake ilikuwa palepale, ya haki, ya moto kama nta. Lakini sasa haikuwa peke yake mle jikoni. Kila mtu alikuwa na yake, na kila mtu alikuwa ameikalia muda mrefu.

"Basi semeni bei yangu," alidakia Kashindye. "Elfu na mia tano itatutosha wote."

"Itatutosha," alisema Nyanzala, "kwa mkono wa nani anayegawa? Wewe uliyepata gauni, mimi nikapata dawa ya kupaka?"

Huko uani Bi Salha akaita, "Jamani! Kimebaki kidole kimoja!"

Wote wanne wakatoka. Mihambo alichechemea, buti mkononi. Mwashi alijifunga kanga upya. Kashindye alipangusa makopo yake ya mchanga bila sababu. Nyanzala alishika daftari, na kwa kidole gumba alikuwa ameliziba lile neno bure. Wakasimama mbele ya jiwe. Moto wa mshumaa ulikuwa umeshuka karibu na jiwe, mdogo, umenyooka, unanukia asali. Bi Salha alifungua mkoba.

"Haya," alisema. "Mdomo mmoja."

Na mimi hapo nawaachia nyinyi. Msinitazame mimi, watazameni wao. Yuko aliyevunjika mguu kwa ajili ya nta, akaitupa. Yuko aliyetoa moto, paa na uji, akasema mikono ni kicheko. Yuko aliyeufanya mji mzima uone thamani, na kabla ya hapo alikula bila kuuliza. Yuko aliyechovya mara thelathini kwa kila mshumaa mpaka akaungua, na siku aliposhika kalamu yeye, akamwandika mwenzake bure.

Mtu mmoja tu atataja bei, na bei hiyo itakaa msimu mzima. Je, nani alistahili kufungua mdomo? Nijibuni upesi, utambi umeanza kulala.