Mbayuwayu Alivyozunguka Pasipo na Hewa

Paukwa!

— Pakawa!

Anga la nani?

— La mwenye bawa.

Na asiye na bawa?

— Atege sikio.

Basi tegeni, na wewe uliye mlangoni usinizibie mwanga.

Hapo kale palikuwa na bonde pana, huku genge na kule genge. Katika ufa wa genge la huku aliishi Mbayuwayu na makinda wake, bado vipara, hawajui hata kukaa vizuri, sembuse kuruka. Juu yao alikaa Tumbusi, ndege mla mizoga, mkubwa wa mwili na mkubwa wa tamaa. Genge liliwatosha wote, lakini Tumbusi alilitaka peke yake. Siku moja akatangaza kwamba yeye na Mbayuwayu watavuka bonde. Atakayegusa chini kabla ya kufika ng'ambo, ahame. Alijua fika makinda wale hawawezi kuhama. Kwao kuhama ni kudondoka.

Mbayuwayu akamwomba jirani yake Pimbi amwangalizie wanawe. Pimbi akaanza kulia. Mbayuwayu akamwambia machozi hayalishi mtoto, awatazame tu, yeye anakwenda na kurudi.

Siku yenyewe ilikuwa mbaya. Upepo ulitoka mbele, mara unavuta, mara unasukuma, na mawingu yalikuwa yakifunika na kufunua jua. Siku kama hiyo ukipiga bawa bonde zima, utachokea katikati. Dawa ni moja: jua likichoma jiwe, hewa ya moto hupanda, ingia ndani yake, zunguka, itakupandisha bure. Kazi ni kuipata. Mbayuwayu aliipata kwa kuangalia vidudu vinavyopeperushwa juu. Tumbusi hakujisumbua kuangalia vidudu. Alimwangalia Mbayuwayu.

Mbayuwayu akapata hewa juu ya mwamba mweusi. Akazunguka, akapanda. Tumbusi akaja, vuuu! "Toka, binti, hapa pana mwenyewe." Akampiga kikumbo, akapanda yeye.

Mbayuwayu akatafuta tena, akapata hewa juu ya nyika iliyoungua. Akazunguka, akapanda. Tumbusi akaja, vuuu! "Toka, binti, hapa pana mwenyewe." Kikumbo kingine.

Mbayuwayu akabaki chini chini, mabawa yanamuuma. Angekuwa mwingine angelia. Yeye alikasirika, na hasira ikamfungua akili. Huyu mzee haangalii hewa, akajisemea, ananiangalia mimi. Ngoja nimpe cha kuangalia.

Katikati ya bonde palikuwa na kilima. Nyuma ya kilima kile upepo ulimwagika chini kama maji ya ndoo iliyopinduliwa, na kila ndege mdogo hufundishwa na mamaye kupakwepa. Mbayuwayu akaenda huko huko, akakaa pembeni kidogo, upande wa jua, ili anayemtazama amtazame kwa kufinya macho. Akazunguka, akapanda. Kupanda gani, jamani? Alikuwa anapiga bawa pi-pi-pi-pi, roho iko mdomoni, huku anaimba kama yuko harusini.

Tumbusi akaja, vuuu! "Toka, binti, hapa pana mwenyewe."

"Haya, Mzee," akasema Mbayuwayu. "Karibu kwako."

Akampisha. Tumbusi akatandaza mabawa, akafumba macho kungoja kupandishwa. Upepo ukamkalia mgongoni. Akapiga bawa, mwili ule, atapiga mangapi? Akashuka, akashuka, akashuka, pu! Akatua kwa kidevu katikati ya miiba. Wingu likafunika jua pale alipoanguka, hewa ya kumwinua ikakosekana, ikabidi aende kwa miguu, na kila aliyekutana naye alimuuliza mabawa kamwazima nani. Kwa aibu, hata genge hakulirudia.

Mbayuwayu akapata hewa nzuri juu ya mto mkavu, safari hii hakuna wa kumtoa. Akapanda mpaka vilima vikalala chini yake. Akafika ng'ambo, akagusa jiwe, akageuka, na upepo uleule uliomtesa ukamrudisha nyumbani, fyuu, kabla makinda hawajaanza kulilia chakula.

Hadithi yangu imeshatua. Aliyeipenda aibebe, asiyeipenda asiikanyage.

Na funzo lake? Msidanganye wakubwa, watoto wangu, uongo haumfikishi mtu popote. Mbayuwayu huwaambia wanawe maneno hayo kila asubuhi, na kwa kuwa siku hizi genge zima ni lao, sauti yake inafika mbali sana.